Filamu za ninja za bajeti ndogo: Cannon, Hong Kong au za leo, na namna ya kuchagua

Kosa la kwanza la anayetaka kuzijua filamu za ninja za bajeti ndogo ni kuzitia zote kapu moja. Mabango yanafanana kama mapacha: mtu amejifunika uso, upanga umeinuliwa, moto unawaka nyuma yake. Ndani ni vitu tofauti kabisa. Moja imepangwa na bingwa wa karate aliyezoeza kila pigo na watu wake. Nyingine ina dakika chache za ninja zilizobandikwa kwenye filamu ya watu wengine, iliyotengenezwa nchi nyingine, isiyokuwa na ninja hata mmoja. Zote mbili zinauzwa kwa neno lile lile.

Ukosefu wa pesa peke yake hauharibu picha ya ninja. Aina hii ya filamu huvumilia uhaba kuliko karibu zote: haihitaji magari ya kulipua, wala majumba ya kifahari, wala jeshi. Inahitaji watu wanaojua kuruka na kuanguka, na muda wa kuwapiga picha vizuri. Kwa hiyo swali la kulinganishia ni hili: fedha kidogo iliyokuwepo ilinunua nini? Ikinunua siku za kupiga mapigano, picha inasimama hata hadithi ikiwa dhaifu. Ikiishia kwenye jina la steringi na bango, hakuna cha kuiokoa.

Kitambaa cha uso

Watayarishaji wenye mfuko mwembamba walimpenda ninja kwa sababu ya kitambaa chake cha uso. Ukiwa na wanaume sita wanaojua kuanguka, una ninja thelathini: aliyekufa dakika ya kumi anajikung'uta vumbi na kurudi dakika ya kumi na mbili kufa tena. Hakuna sura ya kukumbukwa. Mdomo hauonekani, kwa hiyo sauti yoyote itakayoingizwa baadaye inakaa. Na steringi asiyejua kupigana anapumzika kivulini huku bingwa akimpigania. Ndivyo ilivyokuwa katika *Enter the Ninja* ya 1981, iliyopigwa Ufilipino. Jina la kwenye bango ni Franco Nero, lakini mapigano yalipokolea, aliyekuwa ndani ya nguo nyeupe ni Mike Stone, bingwa wa karate aliyeileta hadithi yenyewe. Tazama mwili unavyobadilika kitambaa kinapopanda: hatua zinakuwa fupi, kiuno kinashuka, mikono inatulia. Kitambaa kikishuka, ni mtu mwingine.

Lakini kofia ile huziba macho pembeni. Mpiganaji asiyeona pembeni huogopa kumuumiza mwenzake, basi husimama mbali na kupunguza kasi, na pigo hupita upana wa kiganja au zaidi kutoka shingoni. Dawa yake haina gharama. Kamera iwekwe nyuma ya bega la mpigaji au la mpigwaji, ili nafasi kati ya ngumi na taya ilale kwenye mstari wa lensi isionekane. Na lensi ndefu itumike, maana hubana umbali. Waliokuwa na haraka waliiweka kamera ubavuni, kwa lensi pana, ili wapiganaji wote wawili waingie kwa kipande kimoja. Ndiyo maana unaona hewa kati ya upanga na shati. Kilichokosekana pale ni nusu saa ya kuhamisha stendi.

Kasoro kubwa zaidi haina dawa rahisi: uso uliofunikwa hauonyeshi maumivu. Ninja ishirini wakianguka bila hata mmoja kuogopa, mtazamaji huanza kuhesabu badala ya kuhofu. Waongozaji waliolijua hili walimpa adui mkuu alama yake peke yake, kama barakoa ya fedha, jicho lililozibwa au rangi asiyovaa mwingine, na walimvua steringi kitambaa kila walipopata nafasi.

Cannon dhidi ya IFD na Filmark

Kwa watazamaji wengi uchaguzi uko hapa, kati ya Cannon ya Marekani na kampuni za IFD na Filmark za Hong Kong, kwa kuwa sehemu kubwa ya ninja wa kanda za video za miaka ya 1980 walitoka upande mmoja au mwingine wa mstari huu.

Cannon ilikuwa kampuni ya Marekani iliyonunuliwa mwaka 1979 na Menahem Golan na Yoram Globus. Desturi yao ilikuwa kuuza filamu kwa wasambazaji kwa bango na wazo kabla kamera haijawashwa, kisha kuipiga kwa kiasi kilichopatikana. Bajeti ilibana, lakini kila filamu ilipigwa nzima: hadithi moja, waigizaji wale wale mwanzo hadi mwisho, mwongozaji mmoja. Walifuata maeneo ya gharama nafuu: Manila, Salt Lake City, Phoenix, baadaye Afrika Kusini, na hata Lesotho kwa *American Ninja 4*.

Iliyo bora kati ya hizo ni *Revenge of the Ninja* ya 1983, iliyoongozwa na Sam Firstenberg, na sababu yake ina jina: Sho Kosugi. Yeye ndiye steringi na ndiye aliyepanga mapigano, kwa hiyo hakuna haja ya kumficha mtu. Kamera inaweza kurudi nyuma ikaonyesha mwili mzima, ikakaa kwa mapigo manne au matano kabla ya kukatwa. Pambano la mwisho, juu ya paa la jengo refu, limejengwa kama mchezo wa kete. Kila mbinu inajibiwa na mbinu: moshi, sanamu ya udanganyifu, mkono wa bandia, moto. Hadithi ya madawa ya kulevya yaliyofichwa ndani ya wanasesere ni nyepesi kama karatasi, lakini inatosha kuwapeleka watu kwenye paa lile. Onyo moja: inafunguka kwa mauaji ya karibu familia nzima, mtoto akiwemo. Hii si ya kuwekea watoto.

*Ninja III: The Domination* ya 1984, mwongozaji yule yule, ni kitu kingine. Lucinda Dickey ni fundi wa nyaya za simu na mwalimu wa mazoezi ya viungo anayeingiwa na roho ya ninja aliyeuawa na polisi. Ina pepo, ina muziki wa mazoezi, ina mauaji kwenye uwanja wa gofu yanayoanza filamu kwa kasi ambayo sehemu ya katikati haiwezi kuifuata. Kosugi anaonekana kidogo. Ukitaka mapigano safi, hii itakukatisha tamaa. Ukitaka ujasiri wa mawazo, hakuna ya Cannon inayoipita.

*American Ninja* ya 1985 ndiyo inayojulikana zaidi na ndiyo laini kuliko zote: damu kidogo, rangi nyingi. Michael Dudikoff hakutokea kwenye karate, na inaonekana. Mateke yake yamekatwa katikati, goti likipanda kwenye kipande kimoja na mguu ukitua kwenye kingine. Anayeibeba ni Steve James, rafiki yake, aliyekuwa mpiganaji wa kweli. Kila James anapoingia, vipande vinarefuka na kamera inatulia. Ni kosa la waliopanga majukumu kwamba yeye ndiye wa pili.

Vuka sasa upande wa Hong Kong, kwenye kampuni ya IFD ya Joseph Lai, ambako Godfrey Ho aliongoza kwa majina mengi, na Filmark ya Tomas Tang iliyofuata njia ile ile. Utengenezaji wao ulikwenda hivi. Kwanza hununuliwa filamu iliyokwisha kutengenezwa, ya Korea Kusini, Taiwani, Thailand au Ufilipino, mara nyingi ya majambazi au ya mapenzi. Halafu hupigwa vipande vya ninja kwa siku chache, bustanini au ofisini, na waigizaji wa Kizungu ili soko la nje likubali. Vipande hivyo hupachikwa kati ya matukio ya filamu ya zamani. Mwisho, sauti zote hurekodiwa upya kwa Kiingereza, na mazungumzo hubadilishwa ili jambazi wa Seoul aonekane anapokea amri kutoka kwa bosi wa ninja.

Daraja la kuunganisha dunia hizo mbili ni simu. Richard Harrison, Mmarekani aliyewahi kuwa nyota wa filamu za Italia, ananyanyua simu upande huu. Mtu ambaye hakuwahi kukutana naye anajibu upande ule, kwenye filamu nyingine. Katika *Ninja Terminator* simu yenyewe ina umbo la paka Garfield. Harrison alikwenda kupiga filamu chache tu, vipande vyake vikasambazwa kwenye nyingi kuliko alizodhani anaigiza.

Mshono una dalili, na ukishazijua huwezi kuacha kuziona. Chembechembe za picha hubadilika, kwa sababu sehemu moja ni nakala ya nakala na nyingine ni mpya. Kijani cha miti kinageuka njano. Watu wawili wanaozungumza hawaonekani kamwe kwenye fremu moja, na macho yao hayakutani: huyu anatazama kulia, na yule pia anatazama kulia. Ninja wamevaa rangi za kung'aa, nyekundu, njano, hata madoadoa ya kijeshi, na vitambaa vya kichwani vyenye neno "Ninja" kwa herufi za Kirumi. Hilo lina mantiki: zikiwa na dakika chache tu za ninja katika filamu ya saa moja na nusu, mnunuzi lazima ahakikishiwe mara moja kwamba amekipata alichokilipia.

Tatizo la njia hii si ushamba wa rangi. Ni kwamba hakuna kinachoweza kutokea. Ninja hawezi kumuua adui wa filamu ya zamani, maana hawajawahi kuwa mahali pamoja. Kwa hiyo mapigano ya ninja hayabadilishi hadithi, na hadithi haiyahitaji mapigano. Baada ya saa moja mwili wa mtazamaji unalijua hilo hata kama akili haijalitaja, na uchovu unaingia. Ndiyo sababu filamu hizi huchangamsha kwa dakika ishirini za mwanzo na kuchosha baadaye.

Zina hazina yao, hata hivyo, na mara nyingi iko kwenye filamu iliyo chini. Ndani ya *Ninja Terminator* yumo Hwang Jang-lee, mmoja wa wapiga mateke wakubwa kabisa wa sinema ya Asia, akiwa na wigi la njano. Mateke yake ni ya kweli, yamepigwa mwili mzima, na hakuna ninja wa rangi yoyote anayeyakaribia. Ukiiona filamu ya aina hii, acha kuwafuata ninja, fuata watu wa filamu iliyo chini.

Kwa hiyo, kati ya hizi mbili: ukitaka kukaa na filamu hadi mwisho, chukua Cannon. Ukitaka kuwa na kundi la marafiki wanaozungumza juu ya picha, au kujifunza uhariri kwa makosa yaliyo wazi, chukua IFD, na usione haya kuizima katikati.

Hong Kong nyingine, na Japani

Msomaji asidhani Hong Kong ni gundi na mkasi tu. Mwaka 1982 studio ya Shaw Brothers ilitoa *Five Element Ninjas* ya Chang Cheh, iliyopigwa karibu yote ndani ya studio, na miti na maji vinaonekana wazi kuwa vya kutengenezwa. Hapo ndipo somo lilipo. Badala ya kuuficha ubandia, waliujengea mchezo: ninja wa dhahabu wanapofusha kwa mng'ao, wa mti wanajigeuza magogo, wa maji wanavizia chini ya uso wa kijito, wa moto wanatumia moshi, wa udongo wanachoma kwa mkuki kutoka ardhini. Kila kundi lina kanuni yake, wenzake steringi wanaangamizwa nayo, kisha steringi anajifunza jibu la kila moja. Mwaka uliofuata *Duel to the Death* ya Ching Siu-tung iliwapandisha ninja kwenye tiara kubwa na kuwarusha kwa kamba. Kwa wapiganaji na mawazo, hizi zinawazidi Cannon wote. Kasoro yake kwa mgeni ni damu nyingi na mwendo wa kuigiza wenye chumvi, unaohitaji kuzoewa.

Wajapani wenyewe walikuwa na *Shinobi no Mono* tangu 1962, nyeusi na nyeupe, na inafaa kutajwa kwa sababu inaonyesha kilichopotea. Humo ninja ni jasusi. Tukio lake kuu halina pigo hata moja: mtu darini anateremsha uzi, na tone la sumu linashuka taratibu kuelekea mdomo wa aliyelala. Ninja wa kweli wa historia, watu wa maeneo ya Iga na Koga huko Japani, walifanya kazi ya kutoonekana, wakijivika ukulima au utawa kuliko vazi jeusi. Filamu za bei rahisi ziliuacha ukimya huo ilhali ulikuwa rahisi kuliko vyote: dari, uzi na subira. Hili linasikitisha kuliko rangi za vitambaa.

Za karne hii

Ukitaka ustadi wa leo, nenda moja kwa moja kwenye *Ninja: Shadow of a Tear* ya 2013, Isaac Florentine akiongoza na Scott Adkins akipigana. Ile ya kwanza ya 2009 ilitegemea zaidi kompyuta na kamba. Ya pili iliviweka kando vingi vya hivyo, ikarudi kwenye mwili mzima ndani ya fremu na vipande virefu. Hadithi ni kisasi cha mke aliyeuawa, basi. Huhitaji kuitazama ya kwanza. Filamu nyingi za leo za kiwango hiki huangushwa na damu ya kompyuta: inaruka hewani, hailowanishi nguo wala sakafu, na jicho linakataa.

Pembeni kabisa simama na *Miami Connection*, iliyopigwa Orlando katika miaka ya 1980 na mwalimu wa taekwondo Y.K. Kim pamoja na wanafunzi wake, ikasahaulika, ikarudishwa kwenye kumbi mwaka 2012. Ina ninja wa pikipiki na bendi ya roki. Uigizaji ni mbovu, uhariri unarukaruka, lakini mateke ni ya watu waliofunzwa pamoja kwa miaka, na upendo wao hauna hila. Kwa wanaosema bajeti ndogo ni uvivu, hii ni hoja ya kuwajibu.

Ujanja wa kamera: upi unakubalika

Kuongeza kasi: filamu hupigwa fremu 22 kwa sekunde na kuonyeshwa 24, na mwendo unapanda kwa takriban asilimia 9. Jicho halilalamiki. Wakishuka hadi 20, kasi inapanda asilimia 20, na nguo na moshi vinaanza kutetemeka isivyo kawaida. Kuruka juu ya ukuta mara nyingi ni kuruka chini kulikogeuzwa kinyume. Chunguza vumbi, litarudi miguuni badala ya kutawanyika. Kupotea ndani ya moshi ni kusimamisha kamera na kumtoa mtu. Ikifanywa vizuri, haina dosari. Stendi ikiguswa hata kidogo, ukuta wa nyuma unaruka.

Usiku wa uongo ndio mbaya kuliko yote. Wanapiga mchana, wanapunguza mwanga kama stopu mbili, yaani hadi robo yake, wanaweka chujio la buluu. Vivuli vikali ardhini vinawasaliti. Halafu anayehamisha filamu kwenye video, asiyejua nia yao, anaurudisha mwanga, na ninja mweusi anaonekana akinyatia saa sita mchana. Ukiona hivyo, lawama ni ya nakala, si ya mpiga picha.

Nakala unayoipata

Nakala mbaya inaweza kuifanya filamu nzuri ionekane takataka. Filamu za Shaw zilipigwa kwa upana wa 2.35 kwa 1. Zikikatwa ziingie kwenye runinga ya zamani ya 4 kwa 3, zaidi ya asilimia 40 ya upana inatupwa, na kwa kawaida kinachotupwa ni mmoja wa wapiganaji wawili. Usiikubali nakala hiyo. Za Cannon haziumii sana, kwa sababu zilipigwa kwa upana mdogo zaidi.

Filamu za Asia zitazame kwa sauti yake ya asili na tafsiri ya maandishi chini, ikiwezekana. Za Cannon, Kiingereza ndiyo asili. Za IFD hazina asili nyingine.

Usiamini jina la jalada. Filamu moja ya kubandika inaweza kuzunguka kwa majina kadhaa, na majina mawili yanayofanana yakawa filamu mbili. Linganisha mwaka, mwongozaji na waigizaji watatu wa kwanza. Nakala za Uingereza za miaka ya 1980 na 1990 zichunguze zaidi: wadhibiti wa huko waliondoa nanchaku na nyota za kurusha, na hata neno "Ninja" lilifutwa kwenye jina la katuni ya wale kasa wanne, *Teenage Mutant Ninja Turtles*, likawekwa "Hero". Pima urefu, lakini kwa hesabu sahihi. Video za PAL, mfumo wa runinga uliotumika Uingereza na nchi nyingine nyingi, huonyesha fremu 25 badala ya 24, kwa hiyo filamu ya dakika 100 inaisha kwa dakika 96 bila kukatwa hata fremu moja, na sauti zinapanda kidogo. Ikiwa pungufu ya hapo, kuna kitu kimeondolewa, na kwenye filamu hizi mara nyingi ni pigo lenyewe ulilokuwa unalisubiri.